Bustani na baraza: mabishano ya Athens juu ya maisha mema

Ndugu msomaji, wiki mbili zilizopita nililetewa barua ya msikilizaji mmoja, mzee mstaafu, ambaye kwa adabu ya kazi yetu sitamtaja jina wala mtaa anaoishi. Ameandika kwa mkono, kurasa mbili zilizojaa, bila neno moja lililofutwa. Anasema kwa miaka tisa amekuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima cha mtaa wao. Katika miaka hiyo ametukanwa, amesingiziwa kula pesa za dizeli ya pampu, na mara moja alisimamishwa mbele ya mkutano wa hadhara aonyeshe stakabadhi. Akazionyesha zote, na hakuna aliyemwomba radhi. Sasa muda wa kamati umekwisha, na majirani wale wale wamemfuata nyumbani kumwomba agombee tena. Yeye anataka kupumzika. Ana kuku wake, ana michungwa minne nyuma ya nyumba, ana wajukuu. Swali lake ni fupi: "Mwanangu, nikifunga mlango wangu nikatulia, nitakuwa nimeishi vizuri au nitakuwa mchoyo?"

Shikamoo, mzee wangu. Umeniuliza jambo ambalo stashahada yangu ya uandishi wa habari haikunifundisha kulijibu. Nilichofundishwa ni kwamba ukiulizwa usilolijua, uwatafute waliolishughulikia kabla yako. Nimekwenda kutafuta, na nimekuta kwamba swali lako lina umri wa zaidi ya miaka 2,300. Wagiriki na Warumi walilibishania kwa karibu miaka mia tano, na wapo waliolipia majibu yao kwa damu. Kwa hiyo mazungumzo ya wiki hii nimeyafanya kuwa jibu lako, na wasikilizaji wengine wataniwia radhi wakisikia barua ya mtu mwingine ikijibiwa.

Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana na watu ninaotaka kuwazungumzia, ingawa pengine waliwapita haraka. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Mtume Paulo anafika Athens, na miongoni mwa waliojibizana naye wanatajwa wenye falsafa wa makundi mawili, Waepikureo na Wastoiko. Hiyo ilikuwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo. Wakati huo makundi hayo mawili yalikuwa yamekaa jirani kwa miaka 350 katika mji huo, yakipingana bila kuchoka. Na kiini cha ubishi wao ni hicho hicho anachouliza mzee wetu: maisha mema ni yapi, na mtu ayatafute wapi?

Tuanze na hali ya mji wenyewe, maana falsafa haikuanguka kutoka mawinguni. Mwaka 323 kabla ya Kristo Alexander Mkuu alifariki huko Babeli akiwa na miaka 32 tu. Athens, iliyokuwa chini ya Makedonia, iliona nafasi ya kujikomboa, ikaungana na miji mingine ya Wagiriki kupigana. Mwaka uliofuata ikashindwa. Askari wa Makedonia wakawekwa bandarini, na raia maskini, maelfu kwa maelfu, wakanyang'anywa haki ya kupiga kura. Kisha majenerali wa Alexander wakageukiana wenyewe kwa wenyewe, na mji ukawa unatoka mkononi mwa huyu na kuingia mkononi mwa yule. Mtu ambaye babu yake alinyoosha mkono katika mkutano wa raia kuamua vita na amani, yeye sasa alikaa akisubiri habari. Hapo ndipo watu walipoanza kujiuliza: ikiwa mambo makubwa hayamo tena mikononi mwangu, nimebaki na nini?

Wageni wawili walikuja Athens na majibu mawili.

Wa kwanza ni Epicurus. Baba yake alikuwa raia wa Athens, mwalimu wa shule, aliyehamia kisiwa cha Samos, na huko ndiko Epicurus alikozaliwa mwaka 341 K.K. Baada ya vita vile, walowezi wote wa Athens walifukuzwa Samos, na familia yake ikawa miongoni mwa wakimbizi waliovuka kwenda pwani ya Asia. Kwa hiyo kijana huyu alijifunza mapema kile ambacho siasa za wakubwa huzifanyia nyumba ndogo. Karibu na mwaka 306 K.K. alikuja Athens, akanunua nyumba, na nje kidogo ya lango la mji akanunua bustani. Humo akaishi na rafiki zake, wanaume na wanawake, waungwana na watumwa. Shule yake ikaitwa kwa jina hilo hilo, Bustani.

Wa pili ni Zeno, mtu wa Citium katika kisiwa cha Cyprus. Inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyabiashara, na kwamba meli yake iliyobeba rangi ya zambarau kutoka Foinike ilizama karibu na Athens. Akaingia mjini mikono mitupu, akakaa katika duka la muuza vitabu, akasikia ikisomwa habari ya Socrates. Akauliza watu wa namna hiyo wanapatikana wapi. Muuza vitabu akamwonyesha mwanafalsafa mmoja aliyekuwa akipita njiani: mfuate yule. Zeno akamfuata. Baada ya miaka ya kujifunza, karibu na mwaka 300 K.K., akaanza kufundisha yeye mwenyewe. Hakununua bustani. Alifundishia katika ukumbi mrefu wa hadhara kando ya soko kuu, wenye paa na nguzo, upande mmoja ukiwa wazi, na ukutani mna picha za vita za wazee wa mji. Wagiriki waliuita ukumbi wa namna hiyo *stoa*, na wanafunzi wake wakaitwa Wastoiko kwa sababu hiyo. Sisi tunalo neno letu linalolingana: baraza. Na kama mjuavyo, kwetu baraza ni mahali pa kukaa, na pia ni mkutano wa watu wenye kuamua mambo.

Basi tangu mwanzo mahali penyewe palisema nusu ya mafundisho. Mmoja alijenga maisha mema nyuma ya ukuta wa bustani. Mwingine aliyatafuta barazani, penye kelele za wauza samaki na wenye kesi.

Epicurus alifundisha kwamba lengo la maisha ni raha. Neno hili lilimletea matusi akiwa hai na linamletea hadi leo. Katika lugha kadhaa za Ulaya jina lake limekuwa jina la mtu anayependa mapochopocho na mvinyo. Hata wakati wake, mtu mmoja aliyetoka katika shule yake kwa hasira alieneza uvumi kwamba Epicurus hutapika mara mbili kwa siku kwa sababu ya kula kupita kiasi. Lakini Kiswahili kinatusaidia kuona kosa, maana sisi tunatofautisha raha na anasa. Epicurus alikuwa mtu wa raha, naye alizikimbia anasa. Raha aliyoitafuta ni mwili usio na maumivu na moyo usio na wasiwasi, basi. Alikula mkate na kunywa maji, na mara moja alimwandikia rafiki yake amletee chungu kidogo cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu awe na cha kufanyia.

Aliyagawa matamanio ya binadamu katika mafungu matatu. Yapo ya asili na ya lazima, kama chakula, maji na mahali pa kulala. Yapo ya asili yasiyo ya lazima, kama chakula kitamu kuliko kile kinachotosha. Na yapo ambayo si ya asili wala si ya lazima, kama kutaka sanamu yako isimamishwe mjini. Ya kwanza hutoshelezwa kwa kitu kidogo. Ya tatu hayatoshelezwi kamwe, kwa sababu hayana mwisho. Juu ya hofu ya kifo alisema kwamba kifo hakituhusu: sisi tukiwapo chenyewe hakipo, na kikifika sisi hatupo. Na juu ya siasa alishauri mtu aishi bila kujulikana, kwa sababu anayetafuta usalama kwa kupanda juu ya watu huongeza idadi ya wanaomwinda. Katika yote yanayoleta raha aliweka juu kabisa urafiki.

Zeno naye alisema kilicho chema ni kimoja tu, yaani uadilifu wa nafsi: busara, haki, ushujaa na kiasi. Afya, mali na heshima ni vitu ambavyo mtu anaweza kuvipendelea, lakini havimfanyi kuwa mwema wala kukosekana kwake hakumfanyi kuwa mbaya. Wastoiko walikuwa na mfano wa mbwa aliyefungwa nyuma ya mkokoteni. Mkokoteni ukianza kwenda, mbwa atakwenda. Akikubali atakimbia kwa miguu yake, akikataa ataburutwa. Safari haikuwa juu yake, ila namna ya kwenda ni juu yake. Hao nao jina lao limepotoshwa huko Ulaya, likawa jina la mtu mwenye moyo wa jiwe asiyelia msibani. Lakini Wastoiko walifundisha pia kwamba ulimwengu wote ni mji mmoja na wanadamu wote ni raia wake, na kwamba mtu amezaliwa kwa ajili ya wenziwe kama mkono ulivyoumbwa kwa ajili ya mwili. Kwa hiyo mwenye hekima haruhusiwi kuwaacha wengine wazame huku yeye ametulia.

Mzee wangu, hapa nikutajie mtu utakayempenda. Aliyerithi uongozi wa baraza baada ya Zeno alikuwa Cleanthes, mtu maskini aliyewahi kuwa mpiganaji wa ngumi. Mchana alisikiliza masomo, na usiku alichota maji visimani na kumwagilia bustani za watu ili apate riziki. Watu walimcheka, wakampa jina la mchota maji. Huyo ndiye aliyeongoza shule ya Wastoiko kwa miaka 30 hivi.

Sasa tukiyaweka mafundisho haya mawili pamoja, tunaona kwamba hayakupingana katika yale tunayodhani. Yote mawili yalisema mali haimpi mtu maisha mema. Yote mawili yalisema adui mkubwa wa binadamu ni hofu. Yote mawili yalidai mtu aishi kwa haki na kwa kiasi. Epicurus mwenyewe alisema haiwezekani kuishi kwa raha bila kuishi kwa haki. Tofauti yao kubwa kwa mtu wa kawaida ilikuwa hii: mambo ya mtaa, ya mji na ya nchi, mimi yananihusu kiasi gani?

Seneca, Mstoiko wa Roma, aliieleza tofauti hiyo vizuri kuliko wote. Kwa mujibu wake, Epicurus anasema mwenye hekima hataingia katika mambo ya umma, isipokuwa litokee jambo la kumlazimisha. Zeno anasema mwenye hekima ataingia katika mambo ya umma, isipokuwa litokee jambo la kumzuia. Ndugu msomaji, isome tena taratibu. Mlango ni ule ule. Mmoja yumo ndani na anaweza kuitwa nje. Mwingine yuko nje na anaweza kuruhusiwa kuingia ndani. Ubishi wa miaka mia tano umebebwa na neno moja, "isipokuwa".

Neno hilo lilipimwaje na historia? Tuangalie.

Mwaka 155 K.K. Athens ilitozwa faini ya talanta 500 kwa ajili ya kupora mji jirani, ikataka kujitetea mbele ya baraza la Roma. Haikutuma majenerali, ilituma wanafalsafa watatu: mmoja wa shule ya Plato, mmoja wa shule ya Aristotle, na mmoja Mstoiko. Mwepikureo hakuwamo. Mji ulikuwa na deni zito, na watu wa Bustani hawakuwa katika ujumbe.

Lakini tusiwahukumu haraka. Karne moja baadaye Roma iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na palikuwa na tajiri mmoja, Atticus, mfuasi wa Epicurus, aliyekataa vyeo vyote maisha yake yote. Mkuu mmoja, Antony, alipotangazwa kuwa adui wa taifa na rafiki wakamkimbia, Atticus alimsaidia mkewe. Brutus, aliyekuwa upande wa pili, alipokimbia nchi, Atticus alimpelekea fedha, na baadaye akamtunza mama yake. Kwa kuwa hakuwa wa upande wowote, mlango wake ulibaki wazi kwa waliokuwa wakiwindwa kutoka pande zote. Rafiki yake mkubwa, Cicero, aliyeshika siasa hadi mwisho, aliuawa mwaka 43 K.K. Atticus alikufa mwaka 32 K.K. akiwa mzee wa miaka 77.

Upande wa baraza kulikuwa na Cato, Mstoiko asiyepinda. Julius Caesar alipoelekea kuwa mtawala peke yake, Cato alipigana naye, akashindwa, na mwaka 46 K.K. alijiua huko Utica, katika Tunisia ya leo, kuliko kupokea msamaha ambao aliona hakuna mtu mwenye haki ya kuutoa. Na katika Bustani yenyewe alitoka Cassius. Huyu alikuwa Mwepikureo wa kweli, aliyemtetea Epicurus kwa barua. Lakini aliona "isipokuwa" imefika, akatoka na jambia, akawa mmoja wa viongozi wa waliomuua Caesar tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K. Miaka miwili baadaye, vitani Filipi, alidhani wenzake wameshindwa, kumbe upande mwingine wa uwanja walikuwa wakishinda. Akaamuru mtumishi wake amuue. Jamhuri haikuokolewa na Cato wala na Cassius. Wenye hekima wa pande zote mbili waliingia motoni, na moto ukaendelea.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Seneca mwenyewe. Alikuwa Mstoiko aliyeamini kwamba ni wajibu kutumikia umma. Alimfundisha Nero akiwa mtoto, na Nero alipokuwa kaisari mwaka 54 Seneca akawa mshauri wake. Kwa miaka kadhaa nchi iliendeshwa vizuri. Kisha mwaka 59 Nero akaamuru mama yake mzazi auawe, na kalamu iliyoandika barua ya kulieleza jambo hilo kwa baraza la Roma ilikuwa ya Seneca. Bila shaka alijiambia kwamba akiondoka mambo yatakuwa mabaya zaidi. Ni maneno ambayo kila mtu aliyewahi kufanya kazi karibu na wakubwa ameyasikia, na wengine tumeyasema. Mwaka 62 aliomba kustaafu akakataliwa. Akajitenga polepole, akaandika barua nyingi za hekima, na jambo la kushangaza ni kwamba katika barua za mwanzo anamnukuu Epicurus mara kwa mara, akisema huingia katika kambi ya adui kama mpelelezi, si kama mtoro. Mwaka 65 Nero alimwamuru ajiue, naye akatii. Baraza linaweza kummeza mtu, mzee wangu, hata mtu aliyeingia kwa nia njema.

Baada yake akaja Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, kiwete, na alipoachwa huru akawa mwalimu. Yeye hakuwa na mali wala cheo cha kulinda. Alifundisha kwamba yako yaliyo chini ya uwezo wetu, yaani hukumu zetu na makusudi yetu, na yako yasiyo chini ya uwezo wetu, kama mwili, mali na sifa. Huyu alimtania Epicurus kwa hoja kali: ikiwa kweli wanadamu hawana undugu wa asili, ewe Epicurus, kwa nini ulikesha usiku ukiandika vitabu kwa ajili yetu? Ungelala! Na mwenyewe Epictetus, inaelezwa, katika uzee wake alimchukua mtoto wa rafiki aliyekuwa karibu kutupwa kwa sababu ya umaskini, akamlea.

Ni hoja nzito, nami nina ushahidi mmoja wa kuiongezea. Wosia wa Epicurus umehifadhiwa. Ndani yake anawaacha huru watumwa wake, anaagiza watoto wa rafiki yake marehemu watunzwe, na anapanga Bustani iendelee mikononi mwa wanafunzi. Kisha anataja kwamba hati ya mali hiyo imewekwa Metroon. Metroon ilikuwa nyumba ya kumbukumbu za serikali ya Athens, na ilikuwa pale pale kwenye soko kuu, hatua chache kutoka barazani kwa Wastoiko. Naam, mtu aliyewashauri wenzake wajiepushe na mambo ya umma alipeleka hati ya bustani yake ikatunzwe na umma. Kuna karani aliyeipokea, kuna mahakama ambayo ingeitetea, kuna raia waliokaa vikao vyenye kuchosha ili mahakama iwepo. Ukuta wa bustani ulishikiliwa na baraza.

Sisemi hivi ili kumdhihaki. Epicurus alikufa kifo cha mtu mwema. Mwaka wa 270 K.K. hivi, akiwa na miaka 72, alizuiwa mkojo na jiwe la figo kwa siku 14. Akamwandikia rafiki yake kwamba maumivu hayawezi kuzidi yalivyo, lakini furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inayakabili, na akamsihi awaangalie watoto wale. Miaka mia nne na zaidi baadaye, Kaisari Marcus Aurelius, Mstoiko aliyetawala Roma tangu mwaka 161 hadi 180 katikati ya vita na tauni, aliandika katika daftari lake la siri kwamba mwenendo wa Epicurus katika ugonjwa ni mfano wa kuigwa. Na mwaka 176 kaisari huyo huyo aliweka mishahara ya walimu wa falsafa huko Athens kutoka hazina yake. Mmoja wa waliolipwa alikuwa mwalimu wa Waepikureo. Mstoiko mwenye nguvu kuliko watu wote duniani alilipa ili Bustani isife. Nadhani alijua kwamba mtu anayekaa barazani siku zote bila pahali pa kupumzisha moyo huishia kama Seneca, au vibaya zaidi.

Basi mzee wangu, hili ndilo jibu langu, na kama limepungua unisamehe.

Michungwa yako si uchoyo. Miaka tisa umekaa barazani, umeonyesha stakabadhi, na Mstoiko mkali kuliko wote anakubali kwamba uzee na afya ni sababu halali ya kuingia ndani. Lakini kabla hujafunga mlango, jiulize swali la "isipokuwa". Je, yupo mtu mwaminifu wa kupokea daftari la dizeli? Kama yupo, mpe, mkae naye miezi michache umwonyeshe pampu inavyodanganya na wauza dizeli wanavyopunja, kisha nenda zako kwa kuku ukiwa na moyo mweupe. Kama hayupo, na unajua kwamba ukiondoka kisima kitakufa, basi hata Epicurus angekufungulia lango la bustani akakuambia toka kwanza. Maana kuku wako nao wanakunywa maji ya kisima hicho.

Na kwenu majirani zake, mnaosoma gazeti hili mkiwa kwenye daladala au kibarazani, nina neno moja. Athens haikukosa watu wenye hekima. Iliwafanya wengine waone kwamba hekima ni kukaa mbali. Kila tunapomtukana mtu aliyetuonyesha stakabadhi zote, tunamsukuma mtu mwema mmoja kuelekea bustanini, na kiti chake barazani hakibaki wazi. Kuna anayekitaka, na mara nyingi tunamjua.

Mzee hajaomba sanamu. Aliomba ajue kama ameishi vizuri. Huenda kabla ya uchaguzi wa kamati mtu mmoja wa mtaa huo angeweza kwenda kumgongea mlango, si kwa kumwomba agombee, bali kwa kumwomba radhi. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.